Sayari Katika Uwanja wa Shule: Somo la Mikono kwa Watoto Wetu



Katika ukurasa huu wa elimu tumezoea kuzungumza juu ya usafi wa maji, chanjo, malaria na umuhimu wa kuwabakiza watoto shuleni. Safari hii tunaleta somo la namna nyingine: jinsi ya kuwafundisha watoto habari za sayari, na jinsi binadamu anavyozichunguza, kwa michezo na vipimo ambavyo havihitaji fedha. Tumelijaribu somo hili kwa majuma sita katika kikundi cha watoto kinachokutana baada ya masomo. Mengine yalikwenda vizuri na mengine yaliharibika. Tunayaeleza yote ili atakayejaribu asirudie makosa yetu.

SWALI LILILOANZISHA SOMO

Siku moja nilikuwa nawasomea watoto kitabu cha sayansi. Nakala ilikuwa moja na watoto walikuwa zaidi ya 80. Mimi nasoma, wao wanarudia kwa sauti: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi. Nilipofika mahali panaposema kuwa Zuhura ina joto kali, binti mmoja wa darasa la tano, ambaye hukaa nyuma na mdogo wake mgongoni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani amefika huko?"

Nikamwambia hakuna mtu aliyefika.

"Sasa wamejuaje kama kuna joto?"

Nikamjibu kuwa wataalamu wamechunguza. Hakuridhika, nami niliona kuwa jibu langu halikuwa jibu. Ukimwambia mtoto "wataalamu wamesema" unamfundisha kukariri tu. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali lake, na somo hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Kiini cha somo zima ni hiki: hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukanyaga sayari nyingine. Watu 12 walitembea juu ya Mwezi kati ya mwaka 1969 na 1972, lakini Mwezi si sayari, ni jirani unaoizunguka Dunia. Yote tunayoyajua juu ya Zuhura, Mirihi au Mshtarii yamepatikana na watu waliobaki mahali pao, wakapima, wakaandika, wakatuma mashine na kungoja majibu. Watoto wetu wanajua maana ya kubaki mahali pamoja. Wengi wamezaliwa humu kambini na hawajavuka kizuizi cha barabarani. Ni vizuri wajue kwamba ipo kazi kubwa duniani inayofanywa na watu wasioweza kwenda mahali wanapotaka kupajua.

MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUANZA

1. Sayari zinazolizunguka Jua ni 8. Kuanzia iliyo karibu na Jua ni hizi: Utaridi (vitabu vingine huiita Zebaki), Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Waliosoma kwa Kifaransa wanaijua Mirihi kwa jina la Mars na Mshtarii kwa jina la Jupiter. Mtoto asikosolewe kwa jina. Ni sayari ile ile.

2. Vitabu vya zamani vinataja sayari 9. Ya tisa ilikuwa Pluto. Mwaka 2006 wataalamu wa elimu ya nyota walikutana na kukubaliana kuiweka Pluto katika kundi la sayari kibete. Mwaka 2015 chombo kiitwacho New Horizons kilipita karibu nayo na kuipiga picha. Waelezeni watoto kuwa kitabu hakikusema uongo siku kilipoandikwa. Ujuzi umeongezeka, na kitabu hakikuweza kujiandika upya.

3. Joto la Zuhura ni nyuzi 460 hivi za Selsiasi, moto wa kuyeyusha risasi. Tunalijuaje? Mwaka 1970 chombo cha Urusi ya Kisovieti, Venera 7, kilitua huko na kutuma vipimo kwa redio. Mwaka 1982 kingine, Venera 13, kilifanya kazi kwa dakika 127 kabla ya kunyamaza. Kwa hiyo jibu la yule binti ni kwamba kipimajoto kilipelekwa, kikasoma, kikatuma habari, kisha kikaharibika.

4. Mirihi ndiyo iliyotembelewa na magari mengi ya kitafiti. La kwanza, Sojourner, lilitua mwaka 1997. Magari mawili, Spirit na Opportunity, yalitua mwaka 2004, Curiosity mwaka 2012, na Perseverance mwezi Februari 2021. Mwezi Mei mwaka huo huo wa 2021, China nayo ilitua na gari lake, Zhurong.

ZOEZI LA KWANZA: KUTEMBEA HADI NEPTUNI

Shabaha: mtoto aone kwa miguu yake jinsi sayari zilivyo mbali na zilivyo ndogo.

Vifaa: njia iliyonyooka yenye urefu wa mita 320 hivi, vijiti 9, mpira wa matambara wenye upana wa sentimita 10, haragwe moja, njegere moja, punje mbili za mtama, na mchanga kidogo.

Kipimo chetu: sentimita 70, yaani hatua moja ya kawaida ya mtu mzima, ni sawa na kilomita milioni 10.

Wekeni mpira wa matambara mwanzoni mwa njia. Hilo ndilo Jua. Kisha hesabuni hatua kutoka hapo, na mahali pa kila sayari mchomeke kijiti na kumwacha mtoto mmoja akiwa ameshika sayari yake:

Utaridi: hatua 6, chembe ya mchanga laini.
Zuhura: hatua 11, chembe ya mchanga mnene.
Dunia: hatua 15, chembe ya mchanga mnene.
Mirihi: hatua 23, chembe ya mchanga laini.
Mshtarii: hatua 78, haragwe.
Zohali: hatua 143, njegere.
Uranusi: hatua 287, punje ya mtama.
Neptuni: hatua 450, punje ya mtama.

Kutoka Mirihi hadi Mshtarii watoto walianza kuulizana kama tumepita. Hapo ndipo somo lilipoingia. Picha za vitabuni huzipanga sayari kama shanga katika uzi kwa sababu ukurasa ni mdogo. Katika kweli ni nafasi tupu na chembe chache. Mkifika Neptuni, waambieni watoto wageuke walitafute Jua la matambara, kisha muwaulize: nyota nyingine iliyo karibu nasi kuliko zote ingekuwa wapi? Kwa kipimo hiki iko hatua milioni 4 hivi, karibu kilomita 2,800. Wachache waliniamini.

Angalizo: haragwe, njegere na mtama virudishwe nyumbani kwa mwenyewe. Posho si kitu cha kupotezea mchangani.

KOSA LETU, NA ALIYETUSAHIHISHA

Siku ya kwanza tuligawanyika makundi mawili. Moja niliongoza mimi, jingine aliongoza kijana mmoja mrefu wa sekondari. Tulipofika Neptuni, vijiti vyetu vilikuwa vimeachana kwa zaidi ya mita 40. Kila kundi likasema lenyewe ndilo lililohesabu sawasawa, na kelele zikawa nyingi.

Wakati huo baba wa yule binti alikuwa amefika kumchukua. Hakuwa na furaha. Alikuwa ameniambia kabla ya hapo, "Mwanangu, nyota hazijazi sufuria. Huyu ana maji ya kuchota." Sikuwa na la kumjibu, kwani alisema kweli. Lakini alisimama akitazama ugomvi wetu, mwishowe akacheka.

"Mnagombana bure," akasema. "Wote mmehesabu vizuri. Ila mmepima kwa miguu miwili tofauti."

Mzee huyu alikuwa fundi mwashi nyumbani. Kesho yake alileta kamba aliyoifunga mafundo, kila fundo sentimita 70 kutoka kwa jingine, mafundo kumi kamba nzima. Tukarudia kwa kamba hiyo, mara 45 hadi Neptuni. Safari hii vijiti vya makundi mawili viliachana kwa urefu wa mkono tu. Yeye akataka kujua hata huo urefu wa mkono umetoka wapi, tukakuta kundi moja lilikuwa halikazi kamba.

Hapo niliwasimulia watoto habari ya kweli. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi. Kilikuwa kimesafiri miezi tisa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kundi moja la mafundi lilitoa hesabu za nguvu ya injini kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na kundi jingine likazisoma kama vipimo vya kimetriki. Hesabu zilikuwa sawa, vipimo havikuwa kimoja. Chombo kikashuka chini mno karibu na sayari, kikapotea.

Watoto walielewa mara moja. Nani kati yetu hajaona maneno yanayotokea siku ya mgao, kopo la kupimia linapobadilishwa? Kabla ya kubishana juu ya hesabu, ulizeni kwanza kopo ni lipi.

ZOEZI LA PILI: MASHIMO YA VIMONDO

Shabaha: mtoto ajifunze kubadilisha jambo moja tu kwa wakati, kupima na kuandika.

Vifaa: beseni au karai, mchanga mkavu, majivu yaliyochekechwa, mawe matatu ya ukubwa tofauti, rula na daftari.

Jinsi ya kufanya: jazeni mchanga katika beseni hadi kina cha vidole vinne, msawazishe juu yake, kisha mnyunyize majivu kama tabaka jembamba. Chukueni jiwe moja. Liachieni lianguke kutoka urefu wa nusu mita, mpime upana wa shimo. Sawazisheni tena, mrudie kutoka mita 1, kisha mita 2. Kila urefu urudiwe mara tatu. Baada ya hapo badilisheni jiwe, urefu uwe ule ule.

Jiwe letu la sentimita 2 lilitoa shimo la sentimita 4 kutoka nusu mita, 5 kutoka mita moja, na karibu 6 kutoka mita mbili. Watoto wawili walikuwa wameandika katika daftari kabla ya kuangusha kwamba urefu ukizidi mara mbili, shimo nalo litazidi mara mbili. Haikuwa hivyo. Msifute utabiri uliokosea. Uacheni uandikwe pembeni mwa kipimo, ili mtoto aone kuwa kukosea si aibu mradi umepima.

Mambo mawili ya kuonyesha: shimo ni pana kuliko jiwe lililolichimba, na mchanga wa chini hurushwa juu ya majivu, ukatoka kama miali pande zote. Usiku wa mbalamwezi mtaona madoa kama hayo juu ya Mwezi. Wachunguzi husoma mashimo hayo kama mzee anavyosoma makovu: palipo na mashimo mengi ni ardhi ya zamani, palipo na machache ni ardhi iliyofunikwa upya.

Vimondo havikuanguka Mwezini tu. Hapa Tanzania kiko kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, na watu huenda kulitazama. Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalianguka mjini Mbale na kandokando yake, na kijiwe kimoja cha gramu chache kilimpiga mvulana kichwani baada ya kupita kwenye majani ya mgomba. Hakuumia. Watoto hupenda sana habari hiyo. Itumieni kuwaeleza kuwa mambo hayo ni ya nadra, wasije wakaogopa kulala.

Angalizo: jiwe liachiwe, lisirushwe. Watazamaji wakae hatua mbili nyuma ili majivu yasiingie machoni.

ZOEZI LA TATU: KULIENDESHA GARI LA MIRIHI

Shabaha: mtoto ajifunze kutoa maagizo yaliyo wazi na kuvumilia kungoja jibu.

Redio husafiri kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde. Hata hivyo ujumbe kutoka Duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22, kwa kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi katika mizunguko yake. Kwa hiyo hakuna dereva anayeweza kukaa Duniani na kuliendesha gari kama tunavyoendesha baiskeli. Ukiona jiwe mbele, gari limekwisha kulifikia. Waongozaji huandika maagizo ya siku nzima, huyatuma, na hungoja habari.

Vifaa: kitambaa cha kufunga macho, ndoo au vikwazo vitatu, vipande vya karatasi na kalamu.

Jinsi ya kufanya: mtoto mmoja ni gari, amefungwa macho. Kumi na mbili ni kituo cha waongozaji, wamekaa nyuma ya ukuta wasikoweza kuona. Mmoja ni kamera: anasimama karibu na gari, anachora kilicho mbele yake. Mmoja ni redio: anapeleka mchoro kituoni na kurudisha maagizo, lakini kila safari ahesabu hadi 60 kabla ya kutoa karatasi. Maagizo yawe ya namna hii tu: "Mbele hatua 3. Geuka kulia. Simama." Hakuna kupiga kelele. Gari lifike kwenye kijiti kilicho hatua kumi mbele.

Kundi letu la kwanza lilikuwa na haraka. Liliandika maagizo 12 kwa pamoja. Gari likagonga ndoo kwenye agizo la tatu, na kwa kuwa gari halina macho, likaendelea kutimiza mengine tisa likiwa limeelekea vibaya. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Kundi la pili lilituma maagizo mawili mawili na kungoja mchoro. Lilifika, lakini lilitumia dakika 40 kwa hatua kumi. Hapo tukajadili: haraka ipi inafaa, na uangalifu upi unazidi kiasi? Kundi la tatu, ambalo yule binti alikuwa mwandishi wake, lilifanya jambo ambalo sikuwafundisha. Mwisho wa kila karatasi liliandika: "Ukigusa kitu, simama, usiendelee." Magari ya kweli ya Mirihi nayo yamewekewa maagizo ya kusimama yenyewe yanapoona hatari.

Baada ya mchezo, wasimulieni haya. Mwezi Agosti 2012 gari la Curiosity liliposhuka Mirihi, kushuka kulichukua dakika 7 na ujumbe wa redio ulihitaji dakika 14 kufika Duniani. Habari ya kwamba limeanza kushuka ilipofika, gari lilikuwa tayari liko chini kwa dakika 7, zima au limevunjika, na hakuna aliyejua. Walingoja. Lilikuwa zima. Spirit lilikwama katika mchanga mwaka 2009 na halikutoka tena; waongozaji walilitumia kama kituo cha vipimo mpaka liliponyamaza mwaka 2010. Opportunity lilitengenezwa kwa kazi ya siku 90 za Mirihi. Likafanya kazi tangu 2004 hadi dhoruba ya vumbi ya mwaka 2018, likiwa limetembea zaidi ya kilomita 45.

Majina ya Spirit na Opportunity yalitolewa na mtoto wa miaka 9, Sofi Collis, aliyeshinda shindano la insha. Alizaliwa Siberia, akakaa katika nyumba ya yatima kabla ya kupata wazazi wapya Marekani. Katika kikundi chetu wapo watoto wanaolelewa na jirani au bibi. Habari hii niliisoma bila kuongeza neno, na kulikuwa kimya.

Angalizo: mtu mzima atembee kando ya mtoto aliyefungwa macho muda wote.

ZOEZI LA NNE: DAFTARI LA ANGA

Shabaha: mtoto atambue sayari kwa macho yake kwa kuangalia siku nyingi.

Sayari tano huonekana bila chombo chochote: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kwa kawaida nyota humetameta; sayari hutoa mwanga uliotulia. Tena nyota hubaki pamoja katika makundi yake, lakini sayari husogea kati yao usiku hadi usiku. Mtoto achague nuru moja anayoidhania kuwa sayari, achore nyota zilizo jirani nayo, na arudie mchoro mara mbili kwa juma, kwa mwezi mmoja. Ikiwa imesogea kati ya nyota, ni sayari.

Zuhura ndiyo rahisi: ni kali kuliko nyota zote, huonekana magharibi baada ya Jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza. Haionekani usiku wa manane. Kwa nini? Rudini kwenye kamba ya zoezi la kwanza. Simama penye Dunia, hatua 15, ulitazame Jua. Zuhura inazunguka ndani yako, kwenye hatua 11, kwa hiyo daima iko upande wa Jua. Mtoto mmoja alilitambua hili mwenyewe kwa kuzunguka akiwa ameshika chembe yake.

Angalizo: kazi hii ifanyike mlangoni kwa mzazi, kabla ya kulala. Mtoto asitembee usiku kwa ajili ya daftari. Na kamwe mtoto asilitazame Jua moja kwa moja, huharibu macho.

ZOEZI LA TANO: SALAMU ZETU

Mwaka 1977 vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, vilirushwa kwenda kuzitazama sayari za mbali. Voyager 2 ndicho chombo pekee kilichowahi kupita karibu na Uranusi na Neptuni. Vyote viwili vimetoka katika eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua, cha kwanza mwaka 2012 na cha pili 2018. Voyager 1 kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Kwa kamba yetu ni zaidi ya hatua 2,400.

Kila chombo kimebeba sahani ya santuri yenye sauti za Dunia: muziki, sauti za wanyama na salamu za lugha 55. Kiswahili hakimo. Kiganda kimo, na Kinyanja kimo. Lakini katika nyimbo kuna wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri. Niliposema hivyo, mama mmoja wa Ituri aliyekuwa amesimama pembeni na ndoo yake aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Ni kweli. Sauti za wasichana wa kwao zimepita sayari zote.

Zoezi lenyewe: kila mtoto aandike au aseme salamu ya maneno yasiyozidi kumi katika lugha ya nyumbani kwao, kisha aieleze kwa Kiswahili. Tulipata Kibembe, Kifuliru, Kirundi, Kiswahili na nyinginezo. Watoto wasiojua kuandika walisemewa na wenzao.

JE, MICHEZO HII INA FAIDA GANI?

Wazazi wengine wameuliza kama kuna cheti. Hakuna. Wengine wanasema michezo inawapotezea watoto muda wa masomo ya mtihani. Tunawaheshimu. Lakini angalieni mtoto aliyofanya katika majuma haya: amegawanya na kuzidisha, amepima kwa rula, ameandika utabiri, ameona umekosea, ametoa maagizo yanayoeleweka, na amengoja. Kazi hizo hizo zinahitajika kwa fundi, muuguzi, mwalimu na mpima ardhi. Na penye uvumi mwingi kama hapa petu, mtoto aliyezoea kuuliza "wamejuaje?" hatadanganywa kwa urahisi.

Jambo la maji nalo lilikuwa la haki. Tulikuwa tunakutana alasiri, saa ambayo bomba hufunguliwa, na wasichana ndio waliokosa zaidi. Tumehamisha kikundi kuwa Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya foleni ya maji. Yule binti anakuja, mara nyingine na mdogo wake mgongoni. Baba yake hajasema kuwa nyota zinajaza sufuria. Ila ile kamba ya mafundo hataki tuiache nje ikinyeshewa. Kila Jumamosi anaileta mwenyewe na kuondoka nayo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini vijiti viwili vya Neptuni viliachana ingawa makundi yote yalihesabu vizuri?
2. Kwa nini gari la Mirihi haliwezi kuongozwa kama baiskeli?
3. Utatofautishaje sayari na nyota bila chombo chochote?
4. Kama mtoto wako akikuuliza "wamejuaje kuwa Zuhura ina joto?", utamjibu nini?

Walimu na viongozi wa vijiji watakaotaka kujaribu mazoezi haya wafike kwa wahamasishaji wa elimu wa kanda zao. Vifaa mnavyo tayari. Kamba tutawaazima, kwa sharti la kuikaza.